Alhamisi, Nyuma ya Pazia

Umeniuliza tena, Luboš, baridi ikikutoa machozi,
wapi katika Chomutov hii
mtu atapata bánh bao la kweli:
andazi jeupe la mvuke, tumbo limejaa nguruwe.

Si dukani kwa Khiêm. Khiêm ni shemeji yangu
na nampenda, lakini yake hutoka kwenye friji
yamekunjamana kama visigino,
ukiyapasha moto yanalia maji.
Mpe salamu zangu, nunua kiberiti, toka.

Wala si kule stesheni. Pale wanauza sukari
na kuiita unga.

Kwanza ujue unachotafuta.
Bonyeza kwa kidole gumba: liinuke taratibu
kama mtu aliyeamshwa na ampendaye.
Bandua karatasi ya chini: isiondoke na ngozi.
Hesabu mikunjo ya kileleni. Kumi na sita ni haraka,
kumi na nane ni adabu.
Ndani, uyoga mweusi ukatike kwa sauti,
na yai la kware lilale katikati,
si ubavuni kama mgeni aliyekosa kitanda.

Anayeyapika hivyo ni mmoja.
Bibi Nhàn alishona soksi miaka kumi na mmoja
mpaka kiwanda kikafa; sasa anapaka watu rangi za kucha.
Sufuria iko nyuma ya pazia,
saluni nzima inanukia asetoni na kitunguu,
na wateja wamezoea. Wengine huja
kucha zimeshapakwa.

Hupika Alhamisi, akiamka vizuri.
Ishirini na manne, basi.
Goti likimuuma chumvi huzidi,
naye hukuwahi kabla hujang'ata:
"Leo si mimi, ni goti."
Nimeyala ya goti. Hata hayo yanamshinda Khiêm.

Sasa, njia. Ukishapita kanisa—

ngoja.
Ishirini na manne, nimesema.
Bi Ludmila wa posta huchukua sita.
Mapacha wa Diệp, manne kila mmoja.
Mimi manne, na la tano la kulia njiani.
Yanayobaki yanagombewa na watu wazima wenye pensheni.

Wewe ni jirani mwema, Luboš. Koleo lako la theluji
limekaa kwangu majira mawili, hujalidai.
Kanisa, basi. Pinda kushoto.
Au kulia. Theluji imefunika vibao,
na macho yangu siku hizi, unayajua.

Nenda Ijumaa.