Pengo la Sentimita Arobaini

Saa mbili usiku, ghorofa ya pili, karibu na mnara wa saa.
Proches ameondoka na ufunguo wa choo.
Nimebaki na kompyuta, chai iliyopoa,
na Uru nzima imelala chali kwenye kioo:
vihamba elfu moja mia sita na vitatu,
kila kimoja umbo, kila umbo nukta,
kila nukta namba mbili zinazoapa
kwamba hapa ni hapa.

Neno lenyewe ni hariri.
Waliolichagua sijui kama walisikia
kitambaa ndani yake.
Mimi nakisikia, vidole juu ya vitufe:
kazi laini,
ya kutelezesha mipaka ya watu waliokwisha lala.

Amri zangu si kumi. Ni nne,
nimeziandika bila radi wala mlima.
Mlima upo, ila leo umejifunika.

     fungua tabaka, anza kuhariri
     kwa kila umbo, mtazame jirani yake
     pengo likiwa chini ya nusu mita, vuta nukta, ziba
     hifadhi

Nikizisoma kwa sauti ni maagizo ya mama
anayetoka kwenda Kiborloni sokoni.
Kwa mashine ni mabano, nukta pacha,
na nafasi nne mwanzoni mwa mstari;
ukisahau moja, kazi yote inagoma katikati ya njia.

Nikabonyeza.
Mapengo mia nne na kumi na mawili yakazibwa
kabla sijameza funda la chai.
Ramani ikatandikika kama shuka la hospitali.
Mkuu atafurahi. Mapengo hayalipi kodi.

Halafu nikaliona, namba mia tatu na tisa,
kati ya Rogasian na Felisiana.
Sentimita arobaini. Zilikuwa.

Nilikuwepo, Machi ile, siku ya kupima,
buti zimejaa tope, kifaa kikitafuta setilaiti
katikati ya migomba.
Nikamuuliza Felisiana: hapa kati ni kwa nani?
Akapangusa panga kwenye jani la mgomba.
"Hapo pana masale. Mwaka wa ugomvi wa mfereji
mume wangu na baba yake Rogasian
nusura wauane kwa maji.
Yakapandwa hayo. Hapo hapana mwenyewe.
Yeye anapogoa kwake, mimi napogoa kwangu."
     "Na majani?"
"Ya mwenye kosa."

Nikaandika daftarini: pengo, sm 40.
Daftari halikuwa na safu ya majani.

Lipo neno tengua.
Hutengua udhu, hutengua uteuzi wa wakubwa,
na kwa kitufe kimoja
likatengua usiku wangu.
Yote mia nne na kumi na mawili yakafunguka tena,
nyufa za visigino vya kiangazi.

Mengi ni makosa, najua: mkono uliotetemeka,
wingu, setilaiti iliyopotea.
Mengine ni mfereji uliokauka.
Lingine huenda ni njia ya mtoto
anayetumwa kuazima chumvi.
Mashine hainiambii lipi ni lipi,
na siwezi kuilaumu; haijawahi kukosana na jirani.

Nikaongeza safu, nikaiita isale.
Nikachomeka mstari wa tano kati ya ile minne:

     kama isale ni ndiyo, ruka

Ni sharti zuri. Linasimama vizuri.
Chini yake visanduku mia nne na kumi na viwili,
vyote vitupu isipokuwa kimoja,
vinasubiri mtu apande Uru kwa miguu
akaulize tena, mgomba kwa mgomba.

Kesho nitaomba mafuta ya pikipiki.
Proches atacheka mpaka akohoe.

Nahifadhi hivi hivi, na nyufa zake.
Mashine inauliza kama nina hakika.
Nabonyeza ndiyo,
halafu nakumbuka choo.