Hamsini

Neno lililosalia ni moja: hamsini.
Daktari anasema damu iliziba upande wa kushoto wa kichwa,
pale maneno yanapopangwa kabla ya kutoka,
na Mutinda, aliyenadi mitumba Gikomba miaka kumi na tisa,
amesimama juu ya meza, mashati hadi magotini,
amebakiwa na bei.

Akitaka maji: hamsini.
Mto ukiteleza: hamsini.
Jana mama yake alifika kutoka Mwala na chupa ya uji,
akamshika kidevu. Hamsini, hamsini, akalia Mutinda,
na hakuna aliyecheka,
hata yule kijana wa kusukuma vitanda.

Kitanda cha pili, Mwalimu Wafubwa
anabubujika kama bomba la kanjo lililopasuka Huruma.
"Leteni ule mchana wa kabati,
nimeutundikia mbuzi tangu Jumapili!"
Kidole juu, sarufi haina doa.
Maana ndiyo haipo, na hajui kwamba haipo.
Ananingoja nijibu.
Sawa, Mwalimu, nitautafuta.

Dirishani, mama wa Kariobangi ameshika kijiko:
"Ni cha... kile... si unakorogea... aa!"
Chai anaikoroga vizuri tu.

Kila Jumanne huja Kemuma, binti wa tiba ya usemi, na kadi zake.
Kiatu. Hamsini.
Ndizi. Hamsini.
Mutinda hupiga godoro kwa mkono ulio hai.
Ndizi anaijua. Neno lake limefika hadi ukingoni mwa ulimi
kama mteja anayeshika shati, akalinusa,
akaligeuza kola,
akalirudisha.

Nami nimejifunza lugha hii isiyo na kamusi.
Hamsini inayopanda ni swali.
Inayokatika ni maumivu.
Ile ndefu, ya chini, huja kengele ya wageni ikilia
na mimi natafuta kiatu changu chini ya kitanda;
hiyo sitaifasiri.

Leo Kemuma hakutoa kadi. Alininyooshea kidole:
"Na huyu, ni nani?"
Mutinda akanitazama. Mdomo ukajikunja, ukatafuta,
shingo ikatoka mishipa kama siku za soko.
"Ha—"
Akasita.
Akaufumba mdomo kwa vidole vyake mwenyewe,
akatikisa kichwa,
akakataa kunitajia bei.

Kemuma akaandika kwenye faili: hakujibu.