Mke wa Mwenye Ngoma

Kazija binti Shaame alinijia dukani, Wete,
na madaftari manne ndani ya mfuko wa unga.
"Wachapa ukurasa kwa bei gani?"
Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole,
akatoa mayai kumi na mawili, na ahadi.

Ni riwaya, akasema, ya yule zimwi na ngoma yake.
Nikacheka kidogo. Bibi, hadithi hiyo
twaijua sote tangu jamvini:
mtoto aliyerudi peke yake kuufuata ushanga,
akatiwa ngomani, akaimbishwa kijiji kwa kijiji.
"Waijua," akasema. "Na mkewe je?"

Sikujua kama zimwi alioa.

Nikachapa usiku, feni ya kompyuta ikivuma.
*Paukwa*, ukurasa wa kwanza,
na chini yake mstari mtupu,
kisha mwanamke anayesugua masufuria:

"Mimi ndiye niliyeikanda ile ngozi kwa mafuta.
Niliambiwa ni ngozi, nikaikanda.
Akirudi na kuku na mchele wa watu
nilichambua mchele, sikuuliza.
Ngoma ililala kando ya meko.
Usiku ilikohoa.
Ngoma haikohoi. Nikajifunika shuka hadi utosini.

Siku ya tatu nilipenyeza kipande cha muhogo
pale kamba ilipolegea.
Vidole vilivyopokea vilikuwa vikavu,
na sauti ikasema ahsante, kwa adabu za kwao.
Ahsante ile ndiyo iliyonivunja mgongo."

Hapo niliacha kuchapa.
Nyuma ya ukuta wetu, zamani, mtaa wa Utaani,
kulikuwa na mtoto aliyeletwa kutoka shamba,
eti aje asomeshwe.
Alfajiri alitwanga, na akitwanga aliimba.
Mama husema, masikini, ana sauti huyu,
nasi twageukia ubavu wa pili,
twalala vizuri.
Jina lake sikulishika. Nadhani lilianza na M.

Daftari la nne lilikuwa na doa la chai, na haraka:

"Siku waliyombadilishia, nilijua tangu mlangoni.
Nimebeba watoto watatu, nimezika wawili;
uzito wa mtoto sifundishwi.
Huu ulikuwa uzito unaovuma.
Akaniambia, funga madirisha, mke wangu,
leo twala sisi wawili.
Nikafunga madirisha.
Nikatoka kufuata kuni.
Nikafunga na mlango."

Jumatatu akaja, umeme umekatika,
duka zima lanuka wino na joto.
"Umekosoa?"
Tahajia tu, nikasema. Ila, bibi,
wasomaji watauliza kwa nini alingoja siku zote zile.
Akayapanga madaftari, kubwa chini, dogo juu,
akayarudisha mfukoni, akaukunja mdomo wa mfuko.
"Watauliza. Nao waulizwe
kuku na mchele ule ulitoka kwa nani."

Akashuka ngazi upande upande, kwa ajili ya goti.
Umeme uliporudi nilifungua ukurasa wa kwanza.
Ule mstari mtupu nilikuwa nimeujaza mwenyewe,
nikidhani kasahau: *Pakawa.*
Herufi sita.
Nikazifuta, moja moja, kutoka nyuma.