Pundamilia wa Olasiti

Nilianza kuhesabu kwa uvivu tu.
Fundi pancha asiye na pancha ana kazi gani
ila kutazama miguu ya watu?
Mimi mwenyewe hatua kumi na mbili, ukingo hadi ukingo.
Mama Nasieku na ndoo yake, kumi na tisa,
maana maziwa hayakimbizwi.
Watoto wa darasa la kwanza hawana idadi:
hushikana mikono, hufumba macho, huwa upepo.

Zamani hapa palikuwa vumbi na makorongo.
Gari lilikuja likijikuna kama mbwa,
ukapata muda wa kumuuliza dereva hali ya mkewe.
Tukaomba lami. Tuliiomba kanisani, tuliiomba kwa wagombea,
ikaja nyeusi, inanukia, tukaipiga picha.
Nyumba zikaota kama uyoga wa masika:
shule ikabaki kusini, bomba la maji kaskazini,
zahanati kusini, duka la chumvi na sabuni kaskazini.
Hakuna aliyekaa akawaza kwamba mwili umepasuliwa katikati
na kila upande umeambiwa uishi.

Jumatano, ng'ombe wakipelekwa mnada wa Kisongo,
magari husimama. Yote. Hata malori ya saruji.
Ng'ombe ana mwenyewe, mwenyewe ana fimbo,
na kioo cha mbele ni ghali kuliko huruma.
Nimemwona dereva akizima injini amngojee ndama.

Na yale ya watalii, yenye paa la kufunguka,
hupita alfajiri kama yanafukuzwa,
yakimuwahi pundamilia Tarangire.
Huko, nasikia, husimama nusu saa,
dereva akinong'ona asimshtue.
Pundamilia wetu amelala hapa hapa kwenye lami,
mbavu zake zimefutika,
wanampitia mgongoni kila siku
na hakuna anayetoa kamera.

Sitasema mengi juu ya Lemayani.
Alitumwa chumvi, saa saba na robo.
Chumvi ikamwagika, ikachora lamini mstari
ulionyooka kuliko wa mkandarasi.
Alipona.
Watu husema "alipona" upesi, kama wanafunga mlango.
Zamani alikuwa hatua kumi na saba na kuruka.
Sasa, na gongo lake, arobaini na moja.
Nimehesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Usiku mmoja tukatoka.
Nanyaro alileta rangi iliyobaki ukutani kwa usharika,
Mama Nasieku akashika tochi,
mimi nikatoa matairi mabovu, tukayazika nusu pembeni
ili mwenda kwa miguu naye awe na ukingo wake.
Asubuhi akaja bwana wa barabara na gurudumu la kupimia.
Akasema rangi hii si ya barabara,
mistari imepinda, na kibali hamna.
Yote kweli.
Nikamwambia: pima basi, ila pima kwa huyu.
Nikamwita Lemayani.

Akamfuata nyuma, gurudumu likilia tik, tik,
likingoja gongo, tik, likingoja tena.
Walikuwa hatua ya ishirini
lori lilipotokea upande wa Kisongo.
Nikamwona yule bwana akiinua mkono,
mkono mtupu, bila karatasi wala muhuri,
kama wetu sote.

Lori lilisimama. Breki zilinuka mpaka kibandani kwangu.

Ni mwezi wa nne sasa.
Matuta mawili yamekuja, la tatu liko kwenye faili.
Kibao cha hamsini kimeshagongwa na bodaboda.
Rangi sijui kama itavumilia mvua.
Mimi bado nahesabu.
Jana Lemayani alivuka kwa thelathini na nane.
Bajaji ilimngoja; dereva akapiga honi kidogo,
sijui kwa salamu, sijui kwa haraka.
Mtoto hakugeuka.
Alikuwa amebeba chumvi.