Traki ya Pili

Breki zinalia kwenye kona, nazisikia.
Tairi zinakwaruza lami, nazisikia.
Hata kengele ya kuanzia inaita ting', kama zamani.
Muziki ndio haupo.
Wahenga walidai kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki changu, saa saba usiku, Kahawa West,
ghorofa ya nne, tokeni ya stima imebaki uniti tatu,
hakina mshindo wowote. Kina feni ya kompyuta tu.

Nimepandisha sauti mpaka jirani akagonga ukuta.
Nimechomoa waya wa spika, nikaupuliza, nikaurudisha.
Nimebadilisha programu inayojifanya ile mashine ya kijivu,
nikaweka toleo jipya, nikarudia la zamani,
nikaiambia maneno ambayo mama hakunifunza.

Kumbe diski ya zamani si kitu kimoja.
Traki ya kwanza ni gemu yenyewe: barabara, magari,
mlima wa rangi ya tope.
Kuanzia ya pili hadi ya kumi na moja ni nyimbo,
nyimbo za kawaida, ungeweza kuzicheza
kwa redio ya sidii pale kwa kinyozi.
Na kuna kijifaili, mistari ishirini na kitu,
kazi yake ni kuita majina
kama mwalimu wa zamu na rejista:
Traki ya pili! Traki ya tatu!
Kisipoitikiwa hakikasiriki. Kinaendelea na somo.

Nikaifungua rejista.
Inaita majina marefu, yenye mabano na nchi na mwaka.
Nikatazama folda. Mimi mwenyewe,
siku moja nikijitia unadhifu, niliyafupisha yote.
Watoto wapo darasani, wameketi wima,
wanaitwa kwa majina ya ubatizo
na nyumbani wamezoea mengine.

Nikaandika upya, mstari kwa mstari,
herufi kubwa mahali pake,
na nafasi moja isiyoonekana, mwisho wa mstari wa saba,
iliyonila nusu saa nzima.
Nikahifadhi. Nikawasha.

Ukaja.
Magitaa. Ngoma kama mvua ya mawe.
Nikakaa na padi mkononi, gari likagonga ukuta likasimama,
kwa sababu muziki huo sijawahi kuusikia.

Naapa. Miaka mitatu nimecheza gemu hii
pale Mutindwa, kibanda cha mabati ya bluu, mbio mbili shilingi tano,
na sidii zetu zilikuwa za kuchomwa, za Luthuli,
jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito;
aliyezichoma alizitupa nyimbo ili gemu ienee.
Hatukujua kuna kitu kilichotupwa.
Tulimjua Kerubo,

binti wa mwenye kibanda, na mkebe wake wa Kimbo wa sarafu.
Mbio ikianza anaupiga kwa funguo,
tu-ku-tu-ku, ta, na mluzi juu yake,
kona ya tatu anapunguza, daraja likikaribia anapanda,
ukishindwa anafunga kwa kofi moja la kifuniko:
haya, leta nyingine.
Nilidhani gemu ilitoka kiwandani hivyo.
Nilidhani na huko ilikotengenezwa wana Kerubo wao.

Nimerekodi dakika moja, nikamtumia.
Yuko Narok sasa, anauza dawa za mifugo.
Alikuwa macho. Akajibu kwa sauti, mtoto anakohoa nyuma yake:
"Hiyo ni nini? Mbona imekosea kona ya tatu?"

Nimesikiliza tena. Imekosea kweli.
Stima imebaki uniti moja.
Rejista nimeiacha ilivyo, sahihi, kila aitwaye anaitika.
Kisha nimeingia kwenye mipangilio,
muziki nimeushusha hadi sifuri,
nikachukua funguo za nyumba
na kikombe cha bati.
Jirani atanisamehe.