Mwaliko

Kibao kiko juu ya duka la mbegu,
ngazi ishirini na mbili, nilizihesabu kwa kiuno,
na neno lake refu kama foleni ya lori msimu wa viazi:
kairopraktiki.
Gichuhi alilisoma mara mbili, akatema mate.
"Kairo ni Misri," akasema. "Hiyo ni dawa ya mafarao.
Watakukausha, wakufunge kitambaa."

Siku hiyo kila mtu soko la Wakulima alikuwa daktari.
Mwuza karoti: wanakunyonga shingo kama kuku wa Krismasi.
Kimosop wa mizani: ukienda mara moja umeoa,
utalipa mahari hadi kaburini.
Na shemeji yangu Mosoti, mjuzi tangu apate simu kubwa,
akaapa wanatibu pumu, kisukari, hata utasa,
kwa kusukuma mfupa mmoja tu wa shingo.

Mimi nilitaka kitu kimoja. Ile sauti.
Ko!
Niliiona kwenye simu ya Mosoti:
mtu analia, ko, mtu anacheka.
Miaka kumi na minne nashusha lumbesa kwenye lori za Molo,
gunia lililobebeshwa gunia jingine kichwani,
nikaamini pingili moja imeruka mstari
kama mtoto mtundu gwaride la shule.
Irudishwe, nami nirudi kazini saa nane.

Bi. Jerotich hakunigusa.
Aliuliza.
Ganzi iko wapi? Mguu unaburuta?
Umepungua kilo? Usiku unapata homa?
Haja ndogo inatoka ukiitaka, au inakuponyoka?
Niliona haya. Yeye hakuona.
"Ingekuwa inakuponyoka, nisingekugusa.
Ungeshuka ngazi hizi kwenda hospitali kuu,
leo, si kesho."

Nikamwambia mfupa umetoka.
"Haujatoka. Ungetoka, usingepanda hapa."
Na ko?
Akaalisha kidole chake cha shahada.
"Hewa tu, kwenye ute wa kiungo. Povu la soda.
Hakuna kilichorudi. Hakuna kilichokuwa kimepotea."
Na pumu?
"Pumu ina daktari wake. Mimi ni wa mgongo na viungo,
na hata huko, wengine nawasaidia,
wengine wanasaidiwa na muda, sifa napewa mimi."

Kisha akanilaza ubavu, akapima, akasukuma,
na mgongo wangu ukakaa kimya
kama shahidi aliyehongwa.
Nililipa elfu moja na mia tano.
Nilikwenda bila mwaliko, nikarudi bila mwaliko:
Gichuhi alicheka mpaka akashika ukuta.

Alfajiri, Kaptembwa, napiga magoti kwenye mkeka,
mikono chini, nanyoosha mguu mmoja nyuma
kama ng'ombe anayekumbuka kupiga teke.
Nyaboke anafunika mdomo kwa leso.
Kitinda mimba anapanda, ananiita punda.
Halafu natembea hadi reli na kurudi,
maana kulala kutwa, alisema, ndiko kutu.

Wiki ya tatu nikafunga viatu nimesimama.
Siwezi kuapa ni mikono yake,
au ni kutembea,
au ni ile mvua iliyokata barabara ya Molo
lori zisije siku tisa.

Lori zikaja.
Gunia la kwanza lilikuwa na mimba ya mapacha,
kamba zimeshonwa juu kama nywele za bibi harusi.
Sheria ilisema kilo hamsini. Sote tunaijua,
kama tunavyomjua jirani tusiyemsalimu.
Nikakumbuka swali lake la mlangoni,
ameshika kitasa, haangalii mgongo wangu:
"Sasa wewe niambie, ni nini hasa kimetoka mahali pake?"

Nikasema, "Kimosop, pima kwanza."

Soko zima likaacha kutafuna.
Dereva akazima injini. Kimosop akaitazama mizani
kana kwamba ni mali ya mtu mwingine.
Na katika kimya kile nikaisikia, hatimaye, sauti niliyoilipia:
ko, ko, ko.
Gichuhi, nyuma yangu,
anaalisha vidole,
tayari kuinama.