Bizimu Nyuma ya Jiko

Mwezi wa tatu, theluji ingali imeng'ang'ania kingo za mtaro,
tulibomoa jiko la matofali la Lejaskrasti.
Fundi Guntars alitoa tofali, akatoa masizi,
akatoa fuvu la panya, kisha akaniita:
“Mama Velga, huku kuna askari.”

Hakukuwa na askari. Kulikuwa na bizimu la mkanda,
shaba iliyosawijika kama kitako cha sufuria,
limeviringishwa katika kitambaa cha kitani
kwa fundo nisilolijua,
lililofunguka kwa kuvuta ncha moja tu.

Shemeji Voldis alilitazama kwa jicho lake moja zima:
“La Mjerumani. Naapa. Vita vya kwanza.”
Jirani Zenta akaguna: “Mjerumani gani? Mrusi huyo.
Mikanda ya Wajerumani naijua,
niliitazama usiku kucha kutoka uvunguni.”
Wakabishana hadi supu ikapoa,
kila mmoja akivuta vita vyake kama blanketi fupi.

Mimi nikalisugua.
Siki, majivu, mswaki wa marehemu mume wangu.
Siku ya pili likatoa jani la mwaloni.
Siku ya tatu, herufi mbili za Kirusi,
ya pili imelika kama gego.

Nikapanda basi la alfajiri hadi Valmiera
kwa Herberts Liepkalns, mtengeneza saa,
anayekusanya vifungo vya makoti ya watu waliokufa
na kuvijua kuliko wajukuu wake.
Hakuniuliza nimelipata wapi.
Sisi sote tulikuwa tumetazama uso;
yeye aligeuza, akatazama mgongo:
kulabu, lehemu, kipande cha ngozi kama ukucha.
Akapima upana kwa rula ya chuma.
Akapima tena.

“Huyu hakuwa askari,” akasema.
“Wala mzimamoto, wala mtu wa reli.
Mkanda ulikuwa mwembamba, na kiuno, mama,
kiuno ni cha mtoto.
Hii iliyolika ni G. Gimnazia.
Sare ya shule, enzi za Tsari.
Aliyelivaa hili alifundishwa Kilatini.”

Nilicheka. Lejaskrasti?
Baba yangu Miķelis alitia msalaba
kwenye daftari la kolkhozi, mwaka baada ya mwaka,
kalamu ameishika kama mpini wa uma wa samadi,
karani akimsogezea wino kwa huruma.
“Mimi na herufi hatujuani,” alikuwa akisema,
kwa sauti ya kufika hadi mlangoni.

Ilikuwa ndani ya basi, kiti cha nyuma, nyanya za mtu zikinukia,
ndipo nikakumbuka zizi
na mwezi wa tatu mwingine, malori yalipokuja
yakamchukua mwalimu, yakamchukua mfamasia,
yakaacha mabakuli mezani, vijiko ndani.
Usiku ule Baba alikuwa akimsugua farasi
na kunong'ona neno moja, mara sita,
mkia wake ukibadilika, mzizi ukibaki palepale.
Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani ni dua ya farasi.
Nikaihifadhi.
Nimewasomea ng'ombe wazaao kwa shida,
nimemsomea binti yangu akiwa na homa.

Voldis alikuwa akinisubiri kituoni, kofia mkononi.
“Haya, la nani?”
Nilitazama kushoto, nikatazama kulia,
barabara ilikuwa tupu, na miaka yote ile imepita,
na bado nikashusha sauti:
“La Mjerumani. Ulisema kweli.”
Akafurahi, masikini, njia nzima hadi nyumbani.

Guntars anataka kuanza jiko jipya kesho.
Nimelirudisha bizimu katika kitani chake.
Fundo ndilo linalonishinda.
Nimejaribu mara sita.